Mtoto anasema "tuku" na "lafiki": kipi ni umri tu na kipi cha kupeleka hospitali

Kama unasoma hii usiku umejilaza na simu kwa sababu mtoto wa wifi yako ana miaka miwili anaongea kama redio na wa kwako wa mitatu bado anasema "tuku" badala ya kuku, tulia kwanza. Mi nafundisha chekechea hapa Dar, kila Januari napokea kundi jipya la watoto wa miaka mitatu na minne na wazazi wananishika mlangoni na swali lile lile, mwalimu huyu mbona hatamki vizuri, ulimi wake una shida gani? Karibu kila mtu anaanzia ulimini. Mi nasema anzia masikioni, ulimi tutaufikia baadae, na mara nyingi hata hatufiki huko.

Kwanza kusanya ushahidi

Ukiniambia "hatamki vizuri" bado hujaniambia kitu. Nataka kujua ni herufi gani, iko wapi kwenye neno, anaweka nini badala yake, na je anakosea vile vile kila siku au leo hivi kesho vingine. Mrekodi kwa simu akiwa anacheza, sio umemkalisha kwenye kochi mbele ya wageni unamwambia "haya sema rafiki, sema tena", hapo atanyamaza au atalia na utakuwa umepata sifuri. Afu mwoneshe vitu vya nyumbani akutajie: kuku, kijiko, samaki, saa, shati, chai, gari, ndizi, mbuzi, nyanya, ng'ombe. Andika kama anavotamka, usimsaidie kwa kumsahihishia kwenye karatasi. Ukifika maneno kumi na tano hivi utaanza kuona kuna mpangilio, maana watoto hawakosei ovyo ovyo, wana kanuni zao na wanazifuata kuliko sisi tunavofuata za barabarani.

Kipimo kingine ni mgeni. Sio wewe mama yake wala dada anayeshinda nae, nyie mshazoea. Mtu asiyemjua mtoto anatakiwa aelewe kama nusu ya maneno yake akiwa na miaka 2, robo tatu akiwa na 3, na karibu yote akiwa na 4. Kuelewa, sio kwamba kila herufi iwe imenyooka.

Na tafadhali zile chati za Kiingereza mnazodaunlodi muwe nazo makini. Kule utaambiwa mtoto "anakata herufi ya mwisho ya neno", sasa kwetu karibu kila neno linaishia na irabu, hiyo shida hutaiona hata ukiitafuta na tochi. R yao pia sio r yetu, yetu ulimi unapiga juu mara moja au unatetemeka, yao ulimi haugusi. Kwaiyo miezi ya kwenye chati ile usiibebe kama ilivyo ukamhukumu nayo mtoto wa Mbagala.

Dalili: anakata kichwa cha neno ("tabu", "maki", "kula")

Kitabu kinakuwa "tabu", samaki "maki", chakula "kula", maharage "lage". Hii ndio ya kwanza kabisa kwa watoto wa Kiswahili na sababu yake iko kwenye lugha yenyewe: sisi tunatia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ki-TA-bu, sa-MA-ki, cha-KU-la, basi mtoto wa mwaka na nusu anashika kipande chenye nguvu na mkia wake, kile cha mbele kisicho na mkazo anakiacha. Ndio maana unamkuta anatembea nyumba nzima anadai "tabu, tabu" na bibi yake anashtuka mtoto ana balaa gani.

Humu humu ndani kuna ndizi kuwa "dizi", mbuzi "buzi", ndege "dege", mtoto "toto", mbwa "bwa", mwalimu "alimu", nyama "nama". Ile sauti ya puani iliyogandana na herufi inayofuata ni kazi mbili kwa wakati mmoja, anafanya moja. Pikipiki inaweza kuwa "piki" au "titititi" yote moja, hiyo hata usiandike.

Kwa mwenye mwaka mmoja hadi miaka miwili na nusu hakuna shida. Akiwa anaelekea minne na bado maneno ya silabi tatu anayakata yote, au maneno yake mengi yamebaki silabi moja moja, hapo kamwone mtaalamu.

Dalili: herufi moja anaibadilisha na nyingine ("tuku", "tamaki", "sule", "tai")

Hapa ndio wazazi wengi wanapokwama kwaiyo nitakaa kidogo.

K na g zinatengenezwa nyuma ya mdomo, t na d mbele. Mtoto anazivuta zote mbele: kuku "tuku", kaka "tata", gari "dali". Inaondoka yenyewe kwa wengi kabla ya miaka minne. S na f ni herufi za kupuliza, zinataka hewa ipite kwenye upenyo mdogo bila kuuziba, yeye bado hajaweza kuacha upenyo kwaiyo anaziba kabisa na inatoka t au p: samaki "tamaki", fagio "pagio". Hii nayo wengi wanaiacha kwenye umri wa miaka mitatu au mitatu na nusu. Sh na ch na j zinachelewa zaidi, shule inakuwa "sule", chai inakuwa "tai" au "sai", mpe mpaka minne hata mitano.

Sasa kuna jaribio moja rahisi sana na linafurahisha. Akisema "nataka tamaki" wewe mjibu hivo hivo, "unataka tamaki?" Watoto wengi watakasirika, "siyo tamaki, TAMAKI!" Maana yake anasikia tofauti vizuri kabisa, kichwani kwake neno ni samaki, mdomo ndio haujafika. Kuna wataalamu wa Marekani waliliandika hili 1960 kwa mtoto aliyekuwa akiita samaki kwa Kiingereza "fis" na anagoma ukimrudishia "fis". Mtoto anayegoma hivo mi simwogopei sana. Ninayemwangalia kwa jicho la pili ni yule anayekubali kila kitu, ukisema tamaki sawa, ukisema samaki sawa, ukisema kamaki sawa. Huyo tunaenda kwenye masikio.

Na yule ambaye neno moja analitamka njia nne tofauti asubuhi moja, mdomo unahangaika unatafuta pa kuanzia, na irabu nazo zinapotea (a inakuwa o, i inakuwa u), huyo sio wa kusubiri umri. Irabu zetu tano zinatakiwa ziwe zimekaa sawa mapema sana, akifika mitatu zikiwa bado zinayumba mpeleke.

Dalili: "lafiki", "gali", "lula"

R ndio inafunga mlango, inakuja mwisho mwisho kwa watoto wengi, mitano mpaka sita na haina haraka. Ila kabla hujamwita mtoto ana shida jisikilize wewe mwenyewe na watu wa nyumbani. Kama baba anasema "naludi saa mbili" na dada wa kazi anasema "kalibu", mtoto anasema anachosikia, hiyo ni lafudhi na hakuna daktari wa lafudhi. Nchi nzima tuna watu wazima ambao l na r kwao ni kitu kimoja kwa sababu ya lugha ya kwanza ya nyumbani, na Kenya Mkikuyu atakwambia habari hizo hizo, na hawaumwi.

Th, dh na gh ndio kabisa. Thamani "samani", dhahabu "zahabu", ghali "gali", nusu ya walimu wenzangu wanasema hivo, sembuse mtoto wa miaka minne. Achana nazo mpaka shuleni.

Dalili: anaongea kwa irabu tu, au s, sh, f, ch hazipo kabisa

Soma hapa polepole. Mtoto wa miaka mitatu ambaye samaki ni "a-a-i" na kitabu ni "i-a-u", wimbo wa sentensi upo lakini herufi hakuna, peleka masikio yakapimwe kabla ya kitu chochote. Herufi kama s, sh, f, ch ni nyembamba na hafifu, ndio za kwanza kupotea sikio likipungua nguvu, wakati irabu na m na b zina sauti nene zinaendelea kusikika. Ndio maana watu wanabisha, "huyu anasikia bwana, nikimwita anageuka, mlango ukigongwa anashtuka". Ndio, mlango anausikia. S haisikii.

Sababu ya kawaida kwa watoto wadogo ni maji maji nyuma ya ngoma ya sikio baada ya mafua yasiyoisha. Hayaumi, hayatoi usaha, usikivu unashuka na kupanda, wiki hii yuko sawa wiki ijayo kama yuko ndani ya tenki. Halafu kuna sikio linalotoa usaha muda mrefu, na kuna waliopoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo, manjano kali baada ya kuzaliwa, kuzaliwa njiti, au dawa kama gentamicin (sindano ya kuua bakteria). Kama mtoto wako ana moja ya historia hizo usisubiri hata dalili, kampime.

Kujaribu nyumbani: weka picha za saa, taa na kaa mezani, nyingine za pua, jua na ua. Simama nyuma yake hatua moja hivi asione mdomo wako, nong'ona "nioneshe saa". Rudia ukichanganya. Akipata akiwa anakuangalia na akikosa ukiwa nyuma, alikuwa anasoma midomo. Hili jaribio halikwambii kwamba yuko mzima, linakwambia tu usichelewe. Kipimo chenyewe kiko kliniki za masikio, pua na koo kwenye hospitali za rufaa, na hakuna umri mdogo mno, hata mchanga wa siku mbili anapimika. Kenya kuna vituo vya EARC kwenye kaunti, vile vya kupima watoto wenye mahitaji maalum ya elimu, wanapima. Muhimbili tangu 2017 wanapandikiza vifaa vya usikivu kwa wale ambao mashine za kawaida haziwasaidii, na hapo umri unahesabika, kadri unavyowahi ndivyo lugha inavyofuata.

Na usimimine kitu sikioni. Sio mafuta ya moto, sio maji ya kitunguu saumu, sio vijiti vya pamba.

Dalili: "ulimi umefungwa, tumkate"

Haya tufike ulimini. Upo kweli ule ukano wa chini ya ulimi unaokuwa mfupi, ncha inakuwa na umbo la kopa akiutoa nje, hawezi kulamba mdomo wa juu. Kwa mchanga unaweza kusumbua kunyonya na hapo daktari atashauri. Lakini fikiria hivi: mama, baba, papa, bibi zinasemwa kwa midomo, ulimi haufanyi chochote. Kama mtoto wa miaka miwili hana hata neno moja kati ya hayo, ulimi haujahusika, ukiukata utabaki na mtoto yule yule asiyesema na kidonda juu. Ukano mfupi ukileta shida ya matamshi ni kwenye l, r, t, d, n, s, na wengi wanazitamka nao hivo hivo.

Kukata kimeo ndio sitaki hata kusikia. Kimeo hakitamki herufi yoyote ya Kiswahili, na kwa mkataji wa mtaani mtoto anaweza kutoka damu isiyokata au kupata pepopunda, wapo waliokufa. Anayekwambia "kimeo ndio kinamzuia kuongea" mwombe akuoneshe herufi gani.

Dalili: sauti inatokea puani

Ziko mbili zinapishana. Ya kwanza hewa inavuja puani wakati haitakiwi. Mshikie kijiko cha baridi cha bati chini ya pua, aseme "kaka, papa, tatu", au sentensi "baba kapika ugali", hakuna m wala n humo, kijiko kisipate mvuke. Kikipata mvuke kila mara mwangalie na kinywani, je kimeo kimegawanyika mara mbili? Alipokuwa mchanga maziwa yalikuwa yanatokea puani? Kaakaa linaweza kuwa limepasuka kwa ndani chini ya ngozi na hakuna aliyeona wakati anazaliwa, hasa kama mdomo wa nje hauna shida. Mdomo sungura na kaakaa vinarekebishwa, hospitali ya CCBRT pale Dar ni moja ya sehemu wanafanya upasuaji huo, na baada ya upasuaji mazoezi ya matamshi bado yanahitajika.

Ya pili ni kinyume, pua imeziba, mama inakuwa "baba" na ndizi inakuwa "dizi" mwaka mzima, anakoroma, analala mdomo wazi. Hizo mara nyingi ni nyama za puani, daktari wa koo huyo huyo atamaliza.

Dalili: kithembe

Ulimi ukitokeza kati ya meno kwenye s kwa mtoto wa miaka mitatu minne, subiri. Kwa wa miaka sita saba aliyeng'oka meno ya mbele, cheka nae na usubiri meno. Ila kuna kithembe kingine ambacho hewa inatokea pembeni mwa ulimi, s na sh zinasikika zimelowa mate mate, hicho hakina tabia ya kuondoka chenyewe na hakihesabiwi kama hatua ya ukuaji. Hicho mpeleke hata akiwa na minne.

Dalili: "mi-mi-mimi nataka"

Kati ya miaka 2 na 5 watoto wengi wanarudia rudia kwa sababu mawazo yanakimbia kuliko mdomo. Akirudia neno zima, bila kukaza uso, kwa wiki kadhaa afu inapotea, achana nayo. Akivuta herufi ("sssssamaki"), akikwama kabisa hewa haitoki, macho yanafumba, anapiga mguu, au imezidi miezi sita, au kwenye ukoo kuna watu wazima wenye kigugumizi, nenda mapema. Na muache kumwambia "pumua, anza upya, sema taratibu", mnamwongezea mzigo. Wewe ndio uongee taratibu, mwangalie machoni, msubiri amalize, na kaka zake wazuiwe kummalizia sentensi.

Dalili: hasemi, au alikuwa anasema kaacha

Hii sio tena habari ya matamshi ila watu wanaichanganya humo humo. Miezi 12 habwabwaji wala haoneshi kitu kwa kidole, miezi 18 hana neno, miezi 24 hana maneno kama 50 na haunganishi mawili ("baba njoo", "taka maji"), usiambiwe "wa kiume huchelewa" ukarudi nyumbani. Akiitwa jina hageuki, hakuangalii, haoneshi kidole, uliza pia kuhusu usonji. Na mtoto wa umri wowote aliyekuwa na maneno yakapotea, hiyo ni wiki hii, sio likizo ijayo.

Lugha mbili nyumbani hazichelewishi mtoto. Bibi akiongea Kihaya na shule ikiongea Kiingereza, hesabu maneno ya lugha zote kwa pamoja ndio ujue ana mangapi. Simu na katuni ni jambo lingine, WHO kwenye mwongozo wao wa 2019 wanasema chini ya miaka miwili skrini haifai na kuanzia miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Katuni haimsubiri ajibu, hapo ndipo inapokosea.

Nyumbani ufanye nini wakati unasubiri

Akisema "lafiki yangu kaja", usimwambie "sio lafiki, sema rafiki". Mjibu tu, "eeh rafiki yako kaja? Rafiki yako anaitwa nani? Mkaribishe rafiki." Kalisikia mara tatu bila kesi. Usimrudishie matamshi ya kitoto kwa sababu yanachekesha (lile jaribio la tamaki fanya mara moja inatosha), na usimwoneshe kwa mashangazi kama maonesho. Ukikosa mtaalamu wa matamshi karibu, na nje ya miji mikubwa ni wachache kweli, anza na kliniki ya mtoto, omba rufaa ya masikio, nenda na zile rekodi za simu na karatasi yako, daktari atakusikiliza tofauti na mtu aliyekuja na "hatamki vizuri".

Mwisho kwa wenye watoto wanaoingia darasa la kwanza: anayechanganya l na r mdomoni atachanganya na kwenye daftari, imla itarudi na "kurara" na wino mwekundu. Hapo sio tena kusubiri. Mfanyie picha za kula na kura, kulala na kurarua, aziguse ukitaja, kwanza asikie tofauti, kusema na kuandika vifuate nyuma. Na mwambie mwalimu wake mapema, maana akichapwa kwa ajili ya r ataacha kunyoosha kidole darasani, na hiyo inachukua muda mrefu kurudisha kuliko r yenyewe.